Je, wajua mbu wa masika wako uani kwako tangu kaskazi?

Okota kifuu kimoja nyuma ya jiko, kile kilichotupwa nazi ilipokunwa miezi miwili iliyopita. Kimekauka, kimepauka kwa jua, ndani mna vumbi na kipande cha jani la mwembe. Tia maji nusu, kiweke kivulini, funika kwa kitambaa chepesi, kisha kakitazame kesho yake. Usishangae ukikuta vidudu vidogo kama nyuzi vikijipindapinda majini. Na usimsingizie mbu aliyepita usiku: yai linalotagwa leo huhitaji siku mbili tatu kabla halijaweza kuanguliwa. Mayai hayo yalikuwamo tangu zamani.

Hapa Tanga mvua za Machi zikianza kupiga bati, tunasema mvua imeleta mbu. Haikuwaleta, imewaamsha tu. Huko Ulaya na Marekani wadudu hulala baridi yote, wakaamshwa na joto la majira ya kuchipua, na ndipo watu wa huko huanza kuziba nyufa na kusafisha nyua. Sisi joto tunalo mwaka mzima. Kengele yetu ni maji. Ndiyo maana mtu anayengoja masika yaanze ndipo afagie ua amekwisha chelewa.

Mbu huyo wa kifuu ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi na alasiri watu wakiwa wamekaa barazani. Hatagi juu ya maji. Hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, yai moja moja, leo kwenye kifuu, kesho kwenye tairi bovu, mengine kwenye sahani ya chini ya chungu cha maua. Maji yakikauka, mayai hubaki yamegandia pale pale, meusi, madogo kuliko chembe ya mchanga, na yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi. Mvua ikiyafunika yanaanguliwa. Tena hayaanguliwi yote kwa mpigo: mengine husubiri mvua ya pili au ya tatu, kana kwamba yana mashaka na ya kwanza. Kwa joto letu, kuanzia kiluwiluwi hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja.

Kwa hiyo kumwaga maji peke yake ni nusu ya kazi. Pipa na ndoo za akiba visuguliwe ukutani kwa brashi au dodoki kila wiki, kisha vifunikwe vizuri. Tairi lisilo na kazi liondoke, au liwekwe ndani pasipofika mvua. Vifuu vichomwe, na moto wake ni mzuri, mpika vitumbua yeyote atakuambia. Usisahau makopo yaliyosukumwa nyuma ya banda la kuku na lile karai bovu ambalo kila nyumba inalo na hakuna anayelitupa.

Si mbu wa kuchezea. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, na mwaka 2019 ilipovuma Dar es Salaam, Tanga nayo ilipata wagonjwa. Ndiye pia wa chikungunya, ugonjwa ulioandikwa kwa mara ya kwanza huko Umakondeni miaka ya 1950, na jina lake ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu ya viungo. Jambo moja la kututia moyo: haruki mbali, aghalabu haendi zaidi ya mita mia moja au mbili. Anayekuuma barazani ametoka uani kwako au kwa jirani yako wa ukuta. Mji wetu una msemo, waja leo waondoka leo. Huyu hajausikia.

Wa usiku ni wengine. Mbu wa malaria anapenda madimbwi ya maji yanayopigwa jua, kama alama za magurudumu na mashimo ya kufyatulia matofali. Fukia kabla ya mvua, maana baada yake utakuwa unachota tope. Mbu wa chooni, yule anayelia sikioni, huzaliana kwenye maji machafu ya shimo la choo na makaro. Huku pwani ndiye amekuwa akitupa matende na mabusha tangu enzi za babu zetu. Tundu la choo lifunikwe, bomba la hewa livikwe wavu, mfuniko wa karo uliopasuka uzibwe kwa saruji. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki, kama zile za kufungia televisheni, ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Zikaelea, zikafunika maji yote. Mbu akakosa pa kutaga, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia.

Wengi huniuliza habari ya mchaichai na mwarobaini. Mchaichai uliopandwa mlangoni ni mzuri kwa chai. Ukiwa umesimama tu shinani pale, mbu anaupita bila kupunguza mwendo. Moshi wa mwarobaini unafukuza kwa muda, lakini haugusi kilichomo ndani ya kifuu.

Kisha kuna ile jioni ya kumbikumbi, watoto wanakimbia na mabakuli. Waache wale, ni kitoweo. Ila jua kwamba kumbikumbi ni mchwa wa harusini: anayedondosha mabawa na kumpata mwenzake huingia ardhini kuanzisha ufalme, na malkia wake huweza kuishi miaka mingi. Zima taa ya nje jioni hiyo ili arusi yao isifanyike msingini mwa nyumba yako. Wazee walijenga kwa boriti za mikoko kwa sababu mchwa haipendi, na nyumba zetu za siku hizi za mbao laini zimeikosa kinga hiyo. Kabla ya mvua zunguka nyumba polepole, tazama kuta kwa chini. Ukiona mstari wa udongo mwembamba kama kidole unapanda ukutani, hiyo ndiyo njia yao. Ubomoe, rudi baada ya siku mbili; ukikuta umejengwa upya, wamo, mwite fundi wa dawa. Kuni zisiegemee ukuta. Oili chafu wanayopaka watu kwenye nguzo mimi siipendi, hasa penye kisima karibu.

Panya naye hufurikwa shimoni, akakumbuka kwamba una mchele. Chukua penseli: tundu inamopita penseli, panya mdogo anapita. Sindilia waya wa kusugulia masufuria, kisha ziba kwa saruji, maana saruji mbichi peke yake ataitafuna usiku huo huo. Kata tawi la mwembe linalogusa paa. Panya wakipungua na nyasi zikiwa fupi, nyoka naye hana la kumleta.

Ukiwa na kitara mkononi, kuna wa kuwaachia. Mjusi kafiri wa darini anakula mbu bila mshahara. Majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani juu ya mnazi, wanauma vibaya, lakini ndio wanaomzuia mdudu anayefyonza nazi changa mpaka zikaanguka. Na siafu wakipita usiku baada ya mvua, toa watoto, fungua kuku, hamieni barazani. Watapekua mpaka nyuma ya kabati, na wakiondoka hutakuta mende hata mmoja.