Medianuwai si Kimbilio la Waliokimbia Hesabu

Kila unapoanza mwaka wa masomo hunijia mzazi ameandamana na mwanawe, na kabla hatujaketi vizuri huniambia kwamba hesabu zinamshinda kijana huyu, lakini kwa kuwa anapenda sana kompyuta na picha wameona afadhali asome uandishi wa programu za medianuwai, yaani zinazounganisha picha, sauti, video na maandishi. Nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa wazazi, kutoka kwa washauri wa masomo ambao ilipasa wawe wanajua zaidi, na hata kutoka kwa wanafunzi ambao tayari wamelipa ada ya muhula wa kwanza. Nimeona niyajibu mara moja kwa maandishi, ili atakayekuja tena nimpe karatasi hii aisome akisubiri nje.

Dhana hii inatokana na kuchanganya mambo mawili, yaani kutumia programu na kuandika programu. Anayekata na kuunganisha video, au anayesafisha picha na kupanga kurasa, anafanya kazi ya heshima, nayo ina kozi yake. Sisi tunamfundisha mwanafunzi kutengeneza kile ambacho wengine watakitumia: mchezo, somo lenye picha zinazojongea, ramani inayoitikia kidole, kicheza sauti. Huko ndani hakuna picha wala sauti, kuna namba tu. Fremu moja, yaani picha moja tuli kati ya zinazounda video, yenye upana wa pikseli (nukta za rangi) 1920 na kimo cha 1080 ina pikseli 2,073,600, na ikiwa kila pikseli inachukua baiti tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, fremu hiyo peke yake inafikia takriban megabaiti 6.2. Video ya fremu 30 kwa sekunde isiyobanwa itahitaji zaidi ya megabaiti 186 kila sekunde, na dakika yake moja itapita gigabaiti 11. Mwanafunzi asiyekuwa tayari kuzidisha namba hizo hawezi kuelewa kwa nini kodeki, yaani njia za kubana video, zipo, kwa nini video yake inakwama, wala kwa nini mwenzake aliyepunguza ukubwa wa picha amepata programu inayokwenda vizuri ilhali yeye amepata inayokohoa.

Zoezi la pili ninalotoa ni dogo sana: mpira uvuke skrini kutoka kushoto hadi kulia. Karibu darasa zima huandika kwamba mpira usogee pikseli 5 katika kila fremu, nao unasogea, na kila mtu anafurahi. Kisha kazi hiyo hufunguliwa kwenye skrini nyingine. Kwenye skrini inayochora upya mara 60 kwa sekunde mpira huo huenda pikseli 300 kwa sekunde, na kwenye skrini ya mara 144 huenda pikseli 720, yaani mchezo uleule umekuwa mwepesi zaidi ya maradufu bila mtu kugusa herufi moja. Hapo ndipo ninapoambiwa kwamba kompyuta ya maabara ni mbovu. Kompyuta haina kosa lolote. Aliyeandika amesahau kwamba umbali ni kasi mara muda, jambo alilofundishwa zamani sana kwa mifano ya magari mawili yanayopishana njiani, na dawa yake ni kupima muda uliopita tangu fremu iliyotangulia na kuuzidisha kwa kasi anayoitaka.

Zoezi linalofuata ni la mhusika anayeongozwa kwa vitufe vya mishale. Mtu akibonyeza mshale wa kulia na wa juu kwa pamoja, mhusika hukimbia kimshazari kwa kasi iliyozidi ile ya kawaida kwa takriban asilimia 41, kwa sababu ulalo wa mraba ni upande wake mara kipeuo cha pili cha 2. Hii ni kanuni ya Pythagoras, si siri ya kitaalamu. Mwanafunzi aliyeikimbia shuleni anakutana nayo tena hapa, safari hii ikiwa imevaa nguo za mchezo, na wachezaji huigundua kabla yake kwa kutembea kimshazari kila mahali. Ukitaka mshale au macho ya mhusika yakifuate kipanya, utahitaji tanjenti na kinyume chake, na utalazimika kukumbuka kwamba kwenye skrini mhimili wa wima huongezeka kuelekea chini, tofauti na ubao wa darasani. Jambo hilo la mwisho peke yake limewahi kumla mwanafunzi wangu mmoja siku mbili nzima.

Kama ningeruhusiwa kufundisha kanuni moja tu kwa muhula mzima, ningechagua hii: a + (b − a) × t, ambapo a ni mwanzo, b ni mwisho, na t hutoka 0 hadi 1. Hiyo hiyo husogeza kitu kutoka mahali hadi mahali, huchanganya rangi mbili, hufifisha sauti na kuifuatisha kamera kwa ulaini. Mwanafunzi anayeielewa kwa dhati, akajua pia kuipinda t ili mwendo uanze polepole na kuishia polepole, hahitaji nusu ya maktaba za msimbo ulioandikwa na wengine anazopakua.

Sauti nayo haimwachi salama anayekimbia hesabu. Sikio la binadamu husikia mitetemo hadi takriban 20,000 kwa sekunde, na ili mtetemo unaswe sawasawa sampuli zinazochukuliwa, yaani vipimo vya sauti kwa kila sekunde, hazina budi kuzidi mara mbili ya idadi hiyo. Ndiyo maana diski za muziki huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde.

Sisemi kwamba mtu lazima awe bingwa wa hesabu ndipo apokelewe. Uwiano, trigonometria ya sekondari, vekta na baadaye matriki kidogo vinatosha kumfikisha mbali. Nimewaona pia waliofeli hesabu shuleni wakichanua hapa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza namba waliyoiandika imesogeza kitu mbele ya macho yao, lakini walichanua kwa kuzifanya hizo hesabu, hawakuchanua kwa kuzikwepa. Kwao na kwa wengine wote nina ushauri mmoja ambao wananicheka kwa ajili yake: nunua daftari la miraba na penseli, uchore mhimili, uweke mpira mahali pake na uandike nafasi yake katika fremu ya kwanza, ya pili na ya tatu kabla ya kugusa kibodi. Wanaonicheka muhula wa kwanza huwa na daftari hilo mwaka wa pili.

Dhana zilizobaki hazinichoshi kiasi hicho.

Wapo wanaodhani kwamba ni lazima ujue kuchora. Si lazima. Mchezo wa masanduku ya kijivu unaoitikia vizuri ninaupa alama nyingi kuliko mchezo uliopambwa ambao kitufe chake kinachelewa.

Wengine hudhani kwamba bila kompyuta ya gharama kubwa huwezi kusoma fani hii. Kwa mwaka wa kwanza kihariri cha maandishi na kivinjari vinatosha, na kusema kweli wenye mashine za nguvu ndio wanaonipa taabu, kwa kuwa huleta kazi zinazokwenda kwao tu. Anayelenga fremu 60 kwa sekunde ana takriban milisekunde 16.7 za kumaliza kila kitu katika fremu moja, na mashine kali humficha asijue kwamba amezivuka. Mimi husahihisha kwenye kompyuta kongwe kuliko zote maabarani.

Ipo pia hoja kwamba Flash, programu ya zamani ya michezo na picha zinazojongea za wavuti, ilikufa na fani ikafa nayo. Ni kweli kwamba Adobe ilisitisha huduma ya Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake yasifunguke. Waliokuwa wamekariri mahali vilipo vitufe vya programu ile walipoteza kila kitu. Waliokuwa wameelewa fremu, matukio na mpangilio wa vitu kwenye skrini walihamia teknolojia za vivinjari za HTML5 na WebGL wakiwa na kazi ya kujifunza majina mapya tu, na hilo ndilo ninalowajibu wanaoniuliza ni programu ipi wajifunze ili wasije wakapitwa na wakati.

Kuhusu faili, MP4 si namna ya kubana video. Ni chombo tu, na ndani yake video inaweza kuwa imebanwa kwa H.264 au kwa kodeki nyingine, kwa hiyo kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili hakubadilishi chochote kilichomo. Vivyo hivyo, kila unapohariri picha ya JPEG na kuihifadhi upya inapoteza kitu, kwa hiyo maandishi na michoro ya mistari ipelekwe kwenye PNG, ambayo haipotezi kitu.

Siku hizi naambiwa kwamba akili mnemba itaandika yote. Iandike. Imeshaniletea, kwa mikono ya wanafunzi, ule mpira wa pikseli 5 kwa fremu, na aliyeuleta hakuweza kunieleza kwa nini ulikuwa unakimbia.

Mwisho ni dhana kwamba kazi ikimpendeza aliyeitengeneza imetosha. Miongozo ya ufikivu wa wavuti, WCAG, inataka kitu chochote kisiwake na kuzimika zaidi ya mara tatu katika sekunde moja, kwa sababu mwako wa namna hiyo unaweza kumletea kifafa mtazamaji, na inakataza rangi iwe njia pekee ya kutoa taarifa, kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kazi yenye vitufe viwili, chekundu na cha kijani, visivyo na neno wala alama juu yake, nairudisha kwa mwenyewe bila kuisahihisha.