Arosto ni nini hasa, na nesi anafanya nini

Arosto ni ile hali mwili unapodai kitu ulichozoea baada ya kukikosa, iwe pombe, unga (heroini) au vidonge vya usingizi. Sio kujidekeza jamani. Pombe inapooza ubongo, sasa mtu akinywa kila siku kwa miaka ubongo nao unajiongezea kasi ili usizimike, siku pombe ikikatika ghafla ile kasi inabaki peke yake, ndo unaona mikono inatetemeka, jasho, moyo mbio, usingizi hakuna.

Ndo maana nesi anayejua kazi haulizi "unakunywa?", maana hapo kila mtu anajibu "kidogo tu", anauliza "mara ya mwisho umekunywa lini, saa ngapi?" Kutetemeka kunaanza kama saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege mara nyingi linakuja ndani ya saa 48, alafu siku ya 2 hadi ya 4 ndo kuna ile inayoua: joto linapanda, mtu anachanganyikiwa, anaona wadudu. Na wengi wala hawakuja kwa ajili ya pombe, kalazwa na mguu uliovunjika, siku ya 3 anaokota vitu hewani na kung'oa dripu, wodi nzima inasema kawehuka.

Hapo nesi anapima presha, mapigo, joto na pumzi mara kwa mara, anatoa diazepam, dawa ya kutuliza ile kasi ya ubongo, alivyoandika daktari huku akiangalia asilale kupitiliza, na anahakikisha vitamini B1 haichelewi kuliko dripu ya sukari, kwa sababu sukari ikitangulia yenyewe inaweza kuumiza ubongo ambao tayari una upungufu wa hiyo vitamini. Taa isizimwe, kelele zipungue. Akisema kuna wadudu usimbishie, ila usijifanye unawaona pia, mwambie tu "mimi siwaoni, ila naona unaogopa, hapa ni hospitali, nipo na wewe."

Arosto ya unga ni nyingine, miayo, kamasi, vinyweleo kusimama, kuharisha, mifupa inauma balaa. Yenyewe ni nadra kuua, labda maji yamuishie mwilini. Hatari iko akishatoka, mwili umeshasahau dozi kubwa, akirudi kwenye kile kipimo chake cha zamani pumzi inakata, na hilo nesi anatakiwa amwambie waziwazi kabla hajaruhusiwa, na kama mwenyewe karidhia, ndugu yake naye awe hapohapo anasikia.