Suruali ya Wagallia: neno *brāka lilitoka wapi?

Kamusi nyingi za Kilatini husema brācae, yaani suruali, ni neno la Wagallia, Wakelti wa Ufaransa ya kale. Kwa kiasi ni kweli. Diodorus wa Sicilia, katika karne ya 1 KK, aliandika kwamba Wagallia huvaa suruali wanazoziita brakas, na Warumi waliwahi kuliita jimbo lao la kusini mwa Ufaransa Gallia Bracata, Gallia ya wavaa suruali. Hapo ndipo wengine huweka kinyota, *brāka, alama ya neno lililokisiwa tu, na kulihesabu neno hili kuwa urithi wa Mame-Kelti, lugha mama ya lugha zote za Kikelti. Mimi sikubaliani nao: naona Wagallia walilikopa kwa Wagermaniki.

Tuanze na ile k. Neno lipo pia katika lugha za Kigermaniki: Kiingereza cha Kale brōc, wingi brēc, Kinorwe cha Kale brók. Aliyesoma Kanuni ya Dahl, ya badiliko la konsonanti katika lugha za Kibantu, hatapata taabu na Kanuni ya Grimm: g ya Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya Kilatini, Kikelti na Kigermaniki, iligeuka k katika Kigermaniki. Kikelti hakikupitia badiliko hilo, kwa hiyo shina *bhrāg- lingewapa Wagallia brāga.

Lakini tunajuaje kwamba shina lilikuwa na g? Mtu anaweza kudai kwamba Wagermaniki ndio waliokopa. Jibu liko kwa ndugu wa neno. Brēc ilimaanisha pia matako, na Kilatini kina suffrāgō, kiungo cha mguu wa nyuma wa mnyama, chenye g ile ile. Upande wa Kikelti neno halina ndugu hata mmoja. Nguo ilipewa jina la sehemu ya mwili inayoifunika, na jina likavuka mpaka pamoja na nguo, kama suruali yetu ilivyotoka kwa Waajemi kupitia kwa Waarabu.

Irabu nayo inatupa wakati. Wagallia walikopa ā, kabla Kigermaniki hakijaigeuza kuwa ō. Julius Caesar bado aliandika Bacenis, jina la msitu wa Germania lenye shina la mti ambao Wajerumani leo huuita Buche. Baadaye shina hilo likawa bōk-.

Kinachonishawishi zaidi ni Ayalandi. Neno la Mame-Kelti lingefika kule likiwa brách. Halipo. Kuna bróc, kiatu, lenye ō ya Kigermaniki: limekopwa karne nyingi baadaye, kutoka kwa Waingereza au Wanorwe.