Jedwali la Word likigoma, anza kutazama ndani ya seli

Kwenye steshenari, faili linalosumbua kuliko yote si tasnifu wala mkataba. Ni azimio la kazi la mwalimu. Lina kolamu kumi na kitu: umahiri, malengo, mwezi, wiki, mada kuu, mada ndogo, vipindi, vitendo vya kufundishia, vitendo vya kujifunzia, zana, rejea, upimaji, maoni. Zote zinatakiwa zienee kwenye A4 iliyolazwa, na zibaki hivyo hivyo faili likifunguliwa kwenye kompyuta ya mkuu wa shule. Kunyoosha majedwali ya aina hii ndiyo kazi yangu, na hapa naeleza ninavyolisoma jedwali la Microsoft Word kabla sijaligusa.

Jedwali likiharibika, wengi hukimbilia kuvuta mistari kwa kipanya. Ukivuta huku, kule kunahama. Ukirudisha kule, chini kunafutuka. Hii ni kwa sababu hapo mbele yako pana amri za ngazi tano: za ukurasa, za jedwali zima, za safu zinazolala, za seli, na za aya iliyo ndani ya seli. Kipanya kinagusa ngazi moja au mbili tu, na mara nyingi si zile zenye tatizo. Kwa ninayoyaona kila siku, mkosaji wa kwanza ni aya, na ndiyo inayotazamwa mwisho.

Kwa hiyo kabla ya yote, washa alama zilizofichwa. Bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja, au bofya alama ya ¶ iliyoko Home. Sasa utaona mambo. Kila seli ina kiduara chenye miiba minne: hapo ndipo seli inapoishia. Vinukta ni nafasi, mishale ni Tab, na kila ¶ iliyo kabla ya kile kiduara ni Enter ambayo mtu ameibonyeza. Ukikuta seli imeandikwa «Wiki ya 2» halafu chini yake kuna ¶ mbili tupu, umeshajua kwa nini safu nzima imerefuka.

Kama hakuna Enter tupu na safu bado ni ndefu, tazama nafasi ya baada ya aya. Faili jipya la Word, kuanzia toleo la 2013, kwa kawaida huacha pointi 8 baada ya kila aya na kutanua mistari kuzidi Single. Kwenye barua hilo linapendeza. Likiingia kwenye jedwali la safu arobaini linakuongezea kurasa. Chagua jedwali zima, fungua Paragraph, weka Before na After ziwe 0, na Line spacing iwe Single. Mara nyingi hapo jedwali hunywea mbele ya macho yako.

Lipo pia tatizo la kinyume: maandishi yanakatika. Mwalimu analalamika, «Mbona maneno yangu yameliwa?» Hayajaliwa. Fungua Table Properties, nenda Row, utakuta urefu umefungwa kwa Exactly. Maana yake safu isizidi kimo hicho hata maandishi yawe mengi kiasi gani. Badilisha iwe At least na maneno yote yatarudi.

Sasa upana. Hapa ndipo watu wanapolaumu printa bure. Vielelezo vingi vinavyopakuliwa mtandaoni vimetengenezwa kwa karatasi ya Letter ya Marekani, yenye upana wa sentimita 21.59. Sisi tunachapa kwenye A4, ambayo ni 21. Ukiwa na pambizo za kawaida za sentimita 2.54 kila upande, Letter iliyosimama inabakiza 16.51 za kuandikia, A4 inabakiza 15.92. Jedwali lililofungwa kwenye upana wa Letter likihamia A4 linatokeza karibu milimita 6 kulia. Ni kidogo kwa macho, lakini panatosha kuufanya mstari wa mwisho wa jedwali uonekane umechomoza nje ya maandishi mengine. Karatasi ikilazwa mambo yanageuka: A4 ndiyo ndefu zaidi, kwa hiyo jedwali la Letter linaacha pengo upande wa kulia, na mtu anaanza kuvuta kolamu moja moja kuliziba.

Usivute. Kwanza badilisha ukubwa wa karatasi kuwa A4 kule Page Setup, na huu mpangilio usiuruke, maana ukianza na jedwali utalirudia. Kisha weka kishale ndani ya jedwali, nenda Layout ile iliyo karibu na Table Design, bofya AutoFit, chagua AutoFit Window. Jedwali litachukua asilimia 100 ya nafasi iliyopo, hata kama ukingo wake ulikuwa umetoroka nje ya karatasi usiweze kuushika. Gawa upana wa kolamu unavyotaka, halafu fungua Table Properties, bofya Options, ondoa tiki kwenye Automatically resize to fit contents. Tiki hiyo ikibaki, siku mtu atakapobandika anwani ndefu ya tovuti kwenye kolamu ya rejea, kolamu hiyo itatanuka na kuzibana jirani zake, kazi yako yote iende na maji.

Kuhusu kuunganisha seli nina msimamo, na najua walimu wengi hawataupenda: usiunganishe. Tuseme neno «Januari» limewekwa kwenye seli moja kubwa iliyounganisha wiki nne. Inapendeza mpaka ukurasa ukatike katikati ya wiki ya pili na ya tatu. Jina la mwezi linabaki juu, na anayesoma ukurasa wa pili hajui yuko mwezi gani. Ukitaka kupanga orodha kwa Sort, Word inakataa. Ukitaka kurekebisha kolamu moja, unashtukia nyingine zimekwenda nayo. Mimi huziacha seli nne zilivyo na kufuta mistari iliyo kati yao. Kwa macho ni kile kile, na jedwali linabaki zima.

Kichwa cha jedwali kisiporudi kwenye kurasa zinazofuata, chagua safu ya kwanza kabisa (ukianzia ya pili haikubali) kisha bofya Repeat Header Rows. Kikigoma, tazama kule Table Properties kama Text wrapping imewekwa Around; irudishe None. Tazama pia kama kuna mtu aliyebonyeza Ctrl na Enter katikati ya jedwali, kwa sababu baada ya mkato huo kichwa hakirudi. Jedwali zima likiruka ukurasa na kuacha nusu nyeupe, chunguza Keep with next kwenye aya za ndani, yaani amri inayoifunga aya ibaki ukurasa mmoja na inayofuata. Na ule ukurasa mtupu wa mwisho usiofutika unatokana na aya ambayo Word huilazimisha iwepo baada ya jedwali. Haiondoki, ila inapunguzika: ipe herufi za ukubwa wa 1 na nafasi ya 0 juu na chini.

Wanaoandaa bajeti nao wana mtego wao. Kolamu ya pili, ambayo Word huiita B, ina kichwa kilichoandikwa 2025 tu, chini yake 450,000, 120,000 na 75,000. Unaweka =SUM(ABOVE) ukitegemea 645,000, unapata 647,025. Word imeujumlisha mwaka. Andika =SUM(B2:B4) badala yake. Kisha kumbuka kwamba ukibadilisha tarakimu, jumla haijibadilishi yenyewe kama Excel. Iguse na ubonyeze F9. Binafsi, hesabu zikizidi safu chache nazipeleka Excel.

Kuna majedwali yaliyopita mikononi mwa watu wengi kiasi kwamba kuyatibu ni kupoteza muda. Haya nayavunja. Natoa nakala ya faili, nalichagua jedwali, nafungua Replace, natafuta ^p (ndivyo Word inavyoiandika Enter) na kuweka nafasi moja mahali pake, ndani ya eneo nililochagua tu. Baadaye natumia Convert to Text na kuchagua Tabs. Yakishakuwa maandishi matupu nayasafisha kwa Ctrl na Spacebar inayofuta mapambo ya herufi, kisha Ctrl na Q inayofuta ya aya, halafu nayarudisha kuwa jedwali kupitia Insert, Table, Convert Text to Table. Ile hatua ya ^p usiiache: kila Enter iliyosahaulika ndani ya seli itageuka safu mpya, na utakuta «Wiki ya 2» iko juu na vipindi vyake vimeshuka chini.