Maongozi ya Mungu si filamu ya saa moja na nusu

Mtu anafukuzwa kazi, anapiga magoti, simu inalia, kinanda kinaanza kusikika kwa mbali. Filamu nyingi za Kikristo huenda hivyo, na sizidharau; nimewahi kutokwa na machozi nikizitazama. Ila zimetuzoesha vibaya. Tukifungua Biblia tunaitafuta simu ile ile, na isipolia tunadhani imani yetu ina kasoro.

Dhana: Yeremia 29:11 inaniahidi kwamba mambo yangu yatanyooka karibuni

"Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Maneno haya yamo kwenye vikombe, fulana na kadi za mahafali. Asili yake ni barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu ili isomwe na watu waliochukuliwa mateka Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, na mstari wa 10, ule unaotangulia tu, unataja miaka 70. Piga hesabu. Mtu wa miaka 30 aliyesomewa barua hiyo alielewa kwamba atazikwa ugenini.

Katika miaka hiyohiyo nabii Hanania alikuwa akihubiri kwamba ndani ya miaka 2 kila kitu kitarudi, vyombo vya hekalu pamoja na watu. Bila shaka ujumbe wake ulipendwa zaidi, lakini ulikuwa uongo. Yeremia aliwaambia mateka wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee mji uleule uliowateka. Tumaini alilolitaja ni la kweli kabisa, tena ni kubwa kuliko tunavyolifanya, kwa sababu lilipewa taifa zima na wengine walilipokea kupitia wajukuu wao. Mstari huu unanifariji zaidi tangu nilipoacha kuusoma peke yake.

Dhana: mlango ukifunguka kwa urahisi, hayo ndiyo mapenzi ya Mungu

Yona alishuka Yafa akakuta merikebu iko tayari, inakwenda Tarshishi, na nauli anayo. Kila kitu kilikaa sawa, naye alikuwa anamkimbia Bwana. Paulo, kwa upande wake, aliitwa Makedonia kwa maono, akatii, na huko Filipi akachapwa bakora na kufungwa miguu katika mkatale. Wepesi wa njia si ushahidi, na ugumu wake si ushahidi pia.

Dhana: Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba

Nimeisikia kauli hii ikiambiwa mama aliyekuwa amemzika mwanawe siku iliyotangulia. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Hakujibu, aliinamisha kichwa tu, na niliona wazi kwamba sasa ameongezewa mzigo wa pili: kuonekana ana nguvu.

Watu huitoa katika 1 Wakorintho 10:13, lakini hapo Paulo anazungumzia majaribu, yaani vishawishi vya kutenda dhambi, na ahadi yenyewe ni kwamba Mungu hufanya mlango wa kutokea. Kuhusu mzigo, huyohuyo Paulo aliwaandikia Wakorintho haohao: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Mtume alizidiwa, na akasema. Sababu anayoitoa ni kwamba yeye na wenzake wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Tafadhali, tukienda msibani tukae kimya, au tusome hapo.

Dhana: "Mungu humsaidia anayejisaidia" ni andiko

Halimo. Benjamin Franklin alilichapisha katika almanaka yake ya mwaka 1736, na wazo lenyewe ni la kale zaidi, limo katika ngano za Kigiriki. Warumi 5:6 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa hatuna nguvu.

Dhana: nyimbo na hadithi za dunia hazina lolote kwa Mkristo

Paulo aliposimama Areopago, mahali pa baraza huko Athene, alinukuu shairi la Arato, mshairi ambaye hakuwa Myahudi wala Mkristo: "Maana sisi sote tu wazao wake." Hakulikubali kila lililoabudiwa mjini humo; sura hiyohiyo inasema roho yake ilichukizwa na sanamu. Aliyasoma ya kwao, akapambanua. Kazi ya kupambanua ni ngumu kuliko kupiga marufuku, na huenda ndiyo sababu tunaikwepa.

Dhana: Mungu akitenda, utaona tu kwamba ni yeye

Kitabu cha Esta hakimtaji Mungu hata mara moja katika lugha yake ya awali. Cha Ruthu kinasema "bahati yake ilimtukia" akaingia katika sehemu ya konde iliyokuwa mali ya Boazi. Hakuna sauti kutoka mbinguni wala ndoto. Kuna mjane mgeni anayeokota masazo mpaka jioni, anayapura, anapata shayiri kama efa moja, kipimo cha nafaka cha zamani. Kwamba mwanawe angekuwa babu yake Daudi, hakuna aliyemdokezea. Boazi alikuwa amewaagiza vijana wake wachomoe masuke machache katika miganda na kuyaacha chini, na Ruthu aliinama akayaokota pamoja na mengine.