Kura ya JFK8 na suala la muda katika kuunda chama cha wafanyakazi ghalani

Tarehe 1 Aprili 2022 ilitangazwa kwamba wafanyakazi wa ghala la Amazon linaloitwa JFK8, katika kisiwa cha Staten Island mjini New York, wameshinda kura ya kuunda chama cha wafanyakazi kwa kura 2,654 dhidi ya 2,131. Hakuna ghala lingine la kampuni hiyo nchini Marekani lililokuwa limewahi kupata ushindi kama huo, na walioupata hawakuwa na chama kikongwe nyuma yao, wala fedha zaidi ya dola kama 120,000 walizochangiwa kupitia mtandao. Kwa kuwa kazi yangu ni kuwafundisha viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi sheria za kazi na mbinu za majadiliano, kura hii naitumia darasani mara kwa mara, na kila mara huulizwa inawezekanaje watu washinde waziwazi namna hiyo, kisha zaidi ya miaka mitatu ipite bila mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri. Jibu langu ni kwamba katika kazi ya ghala, kinachogombewa kabla ya mshahara ni muda, na sheria ya Marekani inampa mwajiri muda mwingi kuliko inavyompa mfanyakazi.

Tuanze na ghala lenyewe. JFK8 lilifunguliwa mwaka 2018, na ndani yake roboti husogeza rafu za bidhaa hadi pale mfanyakazi aliposimama, naye huchukua bidhaa moja baada ya nyingine huku mashine ikihesabu kasi yake na kurekodi dakika ambazo hakugusa kitu. Zamu ni ndefu, nyingi za saa kumi, na miezi ya sikukuu huongezwa saa za lazima. Watu hawadumu katika kazi ya namna hiyo. Uchunguzi uliochapishwa na gazeti la New York Times mwaka 2021 ulionyesha kuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo wanaolipwa kwa saa walikuwa wakibadilika kwa kiwango cha takriban asilimia 150 kwa mwaka, maana yake ni kwamba nguvu kazi yote hupita mlangoni na kubadilishwa katika muda wa miezi minane hivi.

Sasa iweke hali hiyo kando ya sheria. Chini ya Sheria ya Taifa ya Mahusiano Kazini ya mwaka 1935, wafanyakazi wanaotaka chama hukusanya kadi zilizotiwa saini na angalau asilimia 30 ya wenzao katika eneo husika, wakaziwasilisha kwenye Bodi ya Taifa ya Mahusiano Kazini, na bodi hiyo ndiyo inayosimamia kura ya siri. Kadi huhesabiwa ikiwa aliyeitia saini bado yumo kazini. Waandaaji wa JFK8 walianza kukusanya saini mwezi Aprili 2021, wakawasilisha ombi mwezi Oktoba, wakalazimika kuliondoa mwezi Novemba kwa sababu saini halali hazikutosha, kisha wakaliwasilisha upya mwezi Desemba. Waliokuwa wametia saini wakati wa kiangazi, wengi walikuwa wameshaondoka. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na hapa mchukuzi ni mwajiri: kila anayeacha kazi hupunguza mzigo wa madai bila mwajiri kuinua mkono.

Wasomaji wa Tanzania wataona tofauti mara moja. Kwetu, mfanyakazi hujaza fomu ya TUF 6 inayomruhusu mwajiri kukata ada ya chama, na chama chenye wanachama wengi katika eneo la kazi kinatambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri akikaidi, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hakuna kampeni ya uchaguzi. Nchini Marekani kipindi cha kampeni kabla ya kura ndicho kipindi ambacho mwajiri hutumia nguvu zake zote.

Nguvu hizo zilionekana kwanza katika ghala la Amazon huko Bessemer, jimbo la Alabama. Chama cha RWDSU, chenye historia ndefu katika maduka na viwanda, kiliendesha kampeni iliyohitimishwa kwa kura za posta mwaka 2021, na kikashindwa kwa kura 1,798 dhidi ya 738. Bodi iliamuru kura irudiwe, kwa sababu, pamoja na mengine, kampuni ilikuwa imeweka sanduku la barua kwenye eneo lake wakati wa upigaji kura, ikaonekana kana kwamba yenyewe ndiyo inayosimamia kura. Ninavyoielewa Bessemer, tatizo halikuwa ukosefu wa uzoefu wala wa huruma kwa wafanyakazi. Waandaaji wengi walikuwa nje ya lango, wakiongea na watu waliokuwa wakikimbilia zamu au wakirudi nyumbani wamechoka, ilhali mwajiri alikuwa nao ndani kwa saa kumi.

Kundi la Staten Island liliugeuza mpangilio huo. Kiongozi wake, Chris Smalls, alikuwa msimamizi msaidizi aliyeachishwa kazi tarehe 30 Machi 2020, siku alipoongoza wenzake kutoka nje kudai kinga dhidi ya korona. Kampuni ilisema alikiuka agizo la kukaa karantini. Siku chache baadaye zilivuja kumbukumbu za kikao cha viongozi wa juu, ambamo mwanasheria mkuu wa kampuni alimwelezea Smalls kuwa mtu asiye na akili wala ufasaha, na kupendekeza afanywe sura ya harakati nzima. Lakini kwa maoni yangu, aliyebeba uzito mkubwa zaidi katika ushindi ni mtu wa aina ya Derrick Palmer, rafiki yake Smalls, ambaye alibaki kazini. Palmer na wenzake waliingia zamu kama kawaida, na zamu ilipoisha walibaki katika chumba cha mapumziko kuongea na watu.

Jambo hilo la kubaki linastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu ndipo sheria na muda vinapokutana. Awali kampuni ilikuwa na kanuni inayomtaka mfanyakazi asiwepo katika eneo la kazi zaidi ya dakika 15 kabla au baada ya zamu yake. Mwishoni mwa Desemba 2021, katika makubaliano na Bodi yaliyohusu maghala yake nchini kote, Amazon ilikubali kuwa wafanyakazi wanaweza kubaki katika maeneo yasiyo ya kazi na kuzungumzia chama. Kuanzia hapo mfanyakazi wa usiku aliweza kumngoja mwenzake wa asubuhi, wakala chakula pamoja, akamsikiliza. Nje, kwenye kituo cha basi, waandaaji waliwasha moto wakati wa baridi na kuwapokea watu wanaoshuka. Wengine walileta chakula walichopika nyumbani, ukiwemo wali wa Afrika Magharibi, kwa kuwa wafanyakazi wengi wa ghala hilo ni wahamiaji. Mwezi Februari 2022 Smalls na waandaaji wawili walikamatwa na polisi walipokuwa wamepeleka chakula eneo hilo.

Upande wa mwajiri ulikuwa na mikutano ya lazima, ambapo wafanyakazi waliitwa wakati wa kazi kusikiliza hoja za kupinga chama. Kwa mujibu wa taarifa ambazo kampuni yenyewe iliwasilisha serikalini, ililipa washauri wa kazi hiyo takriban dola milioni 4.3 katika mwaka 2021. Waandaaji waliokuwa wafanyakazi waliweza kuwemo katika mikutano hiyo, nao walisimama na kuwasahihisha washauri mbele ya watu. Mtu wa nje asingeweza kufanya hivyo.

Kisha likaja lililo gumu zaidi. Mwezi Mei 2022 ghala jirani, LDJ5, lilikataa chama kwa kura 618 dhidi ya 380, na mwezi Oktoba ghala la ALB1 karibu na Albany lilikataa pia. Naamini viongozi walijitawanya mapema mno, wakati JFK8 lenyewe lilikuwa halijajengewa wawakilishi wa kutosha katika kila idara na kila zamu. Kampuni iliyapinga matokeo ya JFK8. Bodi ilikithibitisha chama mwezi Januari 2023, na kampuni ikaendelea kukataa kujadiliana. Ndani ya chama ukazuka mgawanyiko kuhusu uongozi. Mwezi Juni 2024 wanachama walipiga kura kwa wingi mkubwa kujiunga na Teamsters, chama kikubwa cha madereva na wachukuzi, na Desemba hiyo JFK8 ikawa miongoni mwa maeneo yaliyoingia kwenye mgomo.

Adhabu ya mwajiri anayekataa kujadiliana ndiyo inayowashangaza wanafunzi wangu. Kwa kawaida Bodi humwamuru aketi mezani, na haiwezi kumtoza faini kwa miaka aliyochelewesha. Kesi inapopanda ngazi, gharama yake ni mawakili tu, huku wale 2,654 wakiendelea kupungua ghalani na nafasi zao kuchukuliwa na watu ambao hawakuipiga kura hiyo na pengine hawakuisikia.

Ndiyo maana siachi kuwasimulia habari za Minnesota. Huko Shakopee, wafanyakazi wa Amazon kutoka Afrika Mashariki, wengi wao Wasomali, walijikusanya kupitia Awood, kituo cha wafanyakazi ambacho chenyewe si chama. Mwaka 2018 waliweza kuikalisha kampuni mezani kuhusu muda wa swala na kasi ya kazi wakati wa Ramadhani, na tarehe 15 Julai 2019 waligoma katika siku ya mauzo makubwa ya Prime Day. Hawakupiga kura yoyote ya chama. Walichopata, pamoja na wenzao, ni sheria ya jimbo ya mwaka 2023 inayomlazimu mwajiri wa ghala kumpa mfanyakazi kiwango chake cha kazi kwa maandishi, katika lugha anayoielewa, na kumkataza kuweka kiwango kinachomnyima mtu nafasi ya mapumziko, ya kwenda chooni au ya swala. Sheria hiyo haimpi mfanyakazi mwakilishi wa kuketi mbele ya mwajiri, na mshahara haiugusi. Hata hivyo anayeajiriwa leo analindwa nayo tangu zamu ya kwanza, hata kama ataacha kazi baada ya miezi minne.