Cha bure hakithaminiwi, na dhana nyingine zinazopotosha mipango ya afya

"Wape chandarua bure uone, watakwenda kuvulia samaki." Kauli hii utaisikia ndani ya matatu, na utaisikia pia kwa watu wenye suti. Nairobi iko juu, malaria haitusumbui sana, kwa hiyo ni rahisi mkazi wa hapa kumhukumu mama wa Busia au Homa Bay, kule magharibi kwenye malaria nyingi. Tatizo ni kwamba mipango ya vyandarua hupangwa hapa hapa, Afya House, makao ya Wizara ya Afya, na kwa muda dhana hiyo ilikuwa na sura ya busara: mlipishe mama kidogo tu, naye atakitunza. Vyandarua vikauzwa shilingi 50 kwenye kliniki za wajawazito.

Watafiti wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, wakaamua kulipima jambo lenyewe magharibi mwa Kenya. Kliniki za wajawazito zilipangiwa bei kwa kura: nyingine zilitoa bure, nyingine ziliuza kwa bei ndogo ndogo, ya juu kabisa ikiwa shilingi 40. Baadaye watu wao walikwenda majumbani kuangalia kama chandarua kimetundikwa juu ya kitanda au bado kimo kwenye mfuko wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei ilipotoka sufuri hadi shilingi 40, idadi ya akina mama waliochukua chandarua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Na wale waliolipa hawakukitumia zaidi ya waliopewa bure. Samaki kweli wapo waliovuliwa kwa vyandarua, sikatai. Ila kisa cha mvuvi mmoja hakitoshi kumnyima chandarua mjamzito asiye na shilingi 40 mfukoni.

Dhana ya pili inatuhusu sisi wenyewe: kwamba mtoto wa mjini ana nafuu kwa sababu hospitali ziko karibu. Ukitazama wastani wa Nairobi utaamini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, takwimu za kitaifa zilionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Nairobi, kama 62 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 112. Mwaka 2000, Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika, APHRC, kikafanya uchunguzi katika mitaa ya mabanda peke yake. Huko vifo vilikuwa 151. Yaani mtoto wa Nairobi anayeishi kwenye mabanda alikuwa katika hatari kubwa kuliko mtoto wa kijijini, ambako walikufa 113. Wastani wa jiji ulikuwa umemficha, kwa kuwa Karen ya matajiri na Korogocho ya mabanda zilijumlishwa kwenye hesabu moja.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo hicho kimefuatilia kaya za mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Mtu akifia nyumbani bila daktari kumwona, mhojaji huja baada ya matanga na kukaa na jamaa aliyemuuguza. Alikuwa na homa? Siku ngapi? Alikohoa? Pumzi zilikuwa za haraka? Majibu hayo hupelekwa kwa madaktari, nao hukadiria kilichomuua. Ni maswali mazito kumuuliza mama aliyefiwa, na ana haki ya kukataa kuyajibu. Wanaosema "tunafanywa panya wa maabara" wangefaa kujua hilo la haki ya kukataa. Lakini malalamiko yao mengine, kwamba watafiti huchukua majibu wasirudi kueleza walichokipata, yana ukweli mwingi mno kuitwa dhana potofu.

Kuna dhana ambayo hata daktari huwa nayo: kwamba lililo dhahiri halihitaji kupimwa. Mtoto analetwa na homa kali, mikono na miguu imepoa, damu haizunguki vizuri. Vitabu vilisema mtundikie dripu, maji mengi kwa haraka. Nani angebisha? Uchunguzi ulioitwa FEAST uliwapima watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2011 ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwani waliopewa maji kwa haraka walikuwa wanakufa zaidi: takriban asilimia 10.6 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. (Hawa hawakuwa watoto wa kuhara. Anayeharisha na kuishiwa maji anahitaji maji, wala asicheleweshwe.)

Hapo ndipo penye dhana nyingine, kwamba ushahidi ukipatikana sera hujifuata yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake kuhusu maji hayo mwaka 2016, miaka mitano baadaye. Sera husogea mtu akiisukuma. Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, walisukuma wenyewe: wakazi, wakiwa na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mabanda, na washirika wao, walihesabu vyoo, maji na bei wanayolipa kwa wauzaji, na mwaka 2017 kaunti ikalitangaza eneo hilo lenye zaidi ya kaya 100,000 kuwa la mipango maalumu.

La mwisho ni "utafiti umeshasema, basi." Dawa za minyoo shuleni ni mfano mzuri. Utafiti wa Busia wa Edward Miguel na Michael Kremer, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha utoro ukipungua, na Kenya ikaanza kugawa dawa hizo kitaifa mwaka 2009. Mwaka 2015 wataalamu wengine walichambua upya data ile ile, wakakuta makosa ya hesabu na kutilia shaka faida iliyosemwa kufikia hata shule jirani zisizopewa dawa. Ubishi haujaisha. Hakuna anayekana kuwa dawa inaua minyoo. Wanachobishania ni kama kumpa kila mtoto, mwenye minyoo na asiye nayo, kunamwongezea siku darasani. Ugawaji wenyewe haukusimama, na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ilikuwa ikirudi shuleni kupima kinyesi cha watoto ili kuona maambukizi yameshuka kiasi gani.